Je, Yatosha Kutoshuka Daraja?



Kila Jumapili baada ya ibada, wanaume wa parishi yetu husimama kidogo chini ya mwembe kabla ya kwenda nyumbani kula. Mazungumzo huanza na mvua, hufuata bei ya mahindi, na bila kukawia huishia kwenye mpira. Sisi wa Mpanda tu mbali na viwanja vikubwa. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Msimu wa 2020/21, timu ya Tanzania Prisons ilipochezea mechi zake za nyumbani Sumbawanga, katika Uwanja wa Nelson Mandela, tuliona kana kwamba Ligi Kuu imekuja mlangoni petu. Miaka mingine twaifuata redioni na katika vibanda vya kuonyesha mpira. Hata hivyo, msituulize nani yuko nafasi ya ngapi, maana twajua.

Jumapili moja, msimu ulipokwisha, mzee mmoja alimsifu kocha wa timu fulani. Alisema, "Timu yake imemaliza ya tisa. Haikushuka daraja. Sasa mnataka afanye kazi gani nyingine?" Kijana mmoja wa kwaya akamjibu kwa adabu, "Samahani babu, mwaka juzi ilikuwa ya tisa, mwaka jana ya kumi, na mwaka huu ya tisa tena. Hivi kocha huyu huamka asubuhi akitaka nini?"

Watu walicheka, kila mtu akaenda zake. Lakini sisi tulirudi nyumbani na swali lile, na tangu siku hiyo halijatuacha. Kwa juu ni swali la mpira. Ukilitazama sana, ni swali ambalo Mkristo yeyote aweza kuulizwa, na parishi yoyote pia.

Hesabu za kocha

Kwanza tumtendee kocha haki kwa kuielewa kazi yake. Katika misimu ya karibuni Ligi Kuu ya Tanzania Bara imekuwa na timu 16, na kila timu hucheza mechi 30. Mbili za mwisho hushuka. Ya 13 na ya 14 hucheza mechi za mchujo, na roho za mashabiki huwa mkononi. Juu kabisa kuna timu mbili au tatu zenye fedha nyingi, ambazo kila mwaka hugombea ubingwa. Katikati kuna uwanda mpana. Aliye hapo hapati kombe, wala hashuki. Hasifiwi sana, wala hafukuzwi upesi.

Basi yuko kocha ambaye, kabla mpira haujaanza kuchezwa mwezi wa Agosti, amekwisha kuuchagua uwanda huo. Hujipigia hesabu hivi: nyumbani nitajitahidi kushinda mechi kadhaa, ugenini nitatafuta sare, na kwa wakubwa nitakwenda kupunguza idadi ya mabao. Beki watano, kiungo wakabaji watatu, mshambuliaji mmoja anayekimbia peke yake kama mbuzi aliyepotea. Mpira ukifika miguuni, upigwe mbali. Golikipa akidaka, alale nao chini.

Waliotunga sheria za mpira waliliona jambo hili zamani. Hapo awali ushindi ulikuwa na pointi 2 na sare pointi 1, kwa hiyo sare mbili zilikuwa sawa na kushinda mara moja. Uingereza walibadili mwaka 1981 wakatoa pointi 3 kwa ushindi, na Kombe la Dunia likafuata mwaka 1994, kusudi timu ziache kuridhika na sare. Hebu tupige hesabu. Timu itakayotoa sare mechi zote 30 itapata pointi 30. Timu itakayoshinda mechi 10 na kufungwa mechi 20 itapata pointi 30 vilevile. Yaani mwenye kuthubutu aweza kufungwa mara mbili kwa kila mara moja anayoshinda, na bado akawa sawa na yule ambaye hakuthubutu hata siku moja. Mwoga hudhani amechagua njia iliyo salama zaidi, lakini hesabu haimuungi mkono.

Maneno ya kumtetea

Hata hivyo, tusimhukumu kocha haraka. Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, nao hawakuwa wajinga. Timu nyingi za mikoani ni maskini. Wachezaji husafiri kwa basi usiku kucha, hushuka miguu imevimba, na kesho yake wanapambana na watu waliokuja kwa ndege na kulala hoteli nzuri. Kocha ana mke, ana watoto, ana karo za shule. Akifungwa mechi nne mfululizo kwa sababu ya kucheza mpira mzuri, hakuna atakayemlipa kwa uzuri wa mpira wake.

Pia Bwana wetu mwenyewe, katika Injili ya Luka sura ya 14, alitufundisha juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba hana budi kukaa kwanza na kuhesabu gharama, asije akaweka msingi na kushindwa kumaliza, watu wakamcheka. Katika nchi yetu tumewahi kuona mnara wa namna hiyo. Singida United ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017 kwa kishindo kikubwa. Msimu wake wa kwanza ilimaliza ya tano, na tarehe 2 Juni 2018 ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho mjini Arusha, ikafungwa na Mtibwa Sugar mabao 3 kwa 2. Watu walidhani amezaliwa mkubwa mpya. Mwaka 2020 ilishuka daraja.

Tena kuna wakati ambapo kunusurika tu ni neema kubwa. Sisi wa Katavi twalijua jambo hili kuliko wengi. Ndugu zetu waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972 na kuletwa Katumba, na baadaye wengine Mishamo, hawakuja kutafuta ubingwa wa kitu chochote. Walikuja wawe hai. Aliyevuka mpaka na mtoto mgongoni, akafika salama, alikuwa amekwisha kushinda. Ni nani angethubutu kumuuliza mama yule kwa nini hana makuu?

Kwa hiyo hatusemi kwamba kumaliza nafasi ya tisa ni dhambi. Ziko timu ambazo nafasi ya tisa kwao ni jasho na damu, nazo zastahili kushangiliwa. Swali letu ni juu ya mtu aliyeweza zaidi, akakataa kujaribu.

Pale uwezo unapoonekana

Twajuaje kwamba aliweza? Mara nyingine mpira wenyewe husema. Tarehe 19 Mei 2018, Simba walikuwa uwanjani Dar es Salaam kukabidhiwa kombe la ubingwa, na Rais wa wakati huo, hayati John Magufuli, alikuwapo. Walikuwa hawajafungwa mechi hata moja ya ligi msimu ule. Wakaja Kagera Sugar kutoka Bukoba, timu ya kawaida, isiyogombea chochote siku hiyo, wakawafunga bao 1 kwa 0. Msimu uliofuata, wa 2018/19, Kagera waliwafunga Simba tena, nyumbani na ugenini. Lakini msimu huohuo Kagera waliishia katika mechi za mchujo, nusura washuke.

Hatujui moyo wa kocha wala wa wachezaji wale, na hatuwalaumu. Pengine walikuwa na majeruhi, pengine bahati iliwakataa. Twashangaa tu, kama watu wote walivyoshangaa, kwamba miguu ileile iliyomwangusha bingwa mara tatu ilishindwa kuwaangusha wadogo wenzake. Nguvu ilikuwamo. Sisi nasi twaijua hali hiyo katika maisha yetu. Mtu hufanya makubwa siku ya msiba au ya hatari, kisha siku za kawaida akarudi kujificha.

Wazee wetu watakumbuka pia mwaka 1986, Tukuyu Stars ya Rungwe ilipopanda daraja na kuchukua ubingwa wa Tanzania Bara katika msimu wake wa kwanza. Timu ya wilaya, kutoka milimani kwenye migomba na chai. Kama mtu angewaambia mwanzoni mwa msimu kwamba timu ngeni hupaswa kutafuta kubaki tu, angekuwa amesema neno la busara. Nao wasingekuwa mabingwa.

Jambo jingine ni kwamba uwanda ule wa katikati si imara kama unavyoonekana. Mtibwa Sugar, waliokuwa mabingwa mwaka 1999 na 2000, walikaa Ligi Kuu miaka mingi hata watu wakawaona kama fanicha ya nyumba. Mwaka 2024 walishuka, na iliwabidi wapambane daraja la chini ndipo warudi mwaka 2025. Mwaka huohuo wa 2025 Kagera Sugar nao walishuka. Aliyezoea kusimama hatua mbili tu kutoka shimoni, siku akiteleza kidogo hana pa kushika.

Kuridhika na kuogopa

Hapa msomaji aweza kutuuliza: Je, Maandiko hayatufundishi kuridhika? Yanatufundisha. Mtume Paulo, katika sura ya 4 ya Waraka kwa Wafilipi, asema amejifunza kuwa radhi katika hali yoyote, ashibe au awe na njaa. Lakini tusome sura iliyotangulia. Katika sura ya 3, Paulo huyohuyo asema hajafika, ayasahau yaliyo nyuma, akaza mwendo kama mkimbiaji. Barua ni moja, mwandishi ni mmoja, tena yumo kifungoni. Mbona hakuona kwamba anajipinga?

Sisi twaona hivi. Kuridhika kwa Mkristo kwahusu kile anachopewa. Bidii yake yahusu kile anachotoa. Paulo aliridhika na chakula alichopata, na hata na minyororo. Hakuridhika na kazi yake. Sisi mara nyingi twageuza: twalalamika juu ya tunachopewa, na twaridhika upesi na tunachotoa. Kocha akimaliza wa tisa baada ya kutoa yote aliyokuwa nayo, na aipokee nafasi ya tisa kwa shukrani. Lakini kocha anayepanga tangu mwanzo kutoa kiasi cha nafasi ya tisa tu, huyo haridhiki, anaogopa. Naye huivalisha hofu yake kanzu ya unyenyekevu.

Mtu asidhani kwamba twamtaka kila kocha atangaze ubingwa. Mwaka 2015 Claudio Ranieri, Mwitalia, alipewa timu ya Leicester City ya Uingereza, ambayo msimu uliotangulia ilinusurika kushuka. Lengo alilotangaza lilikuwa pointi 40 tu, zile zinazotosha kubaki. Wachezesha kamari waliweka ubingwa wao kuwa nafasi 1 katika 5,000. Lakini alipozipata zile pointi 40 hakukunja jamvi. Aliendelea mechi moja moja mpaka akafikisha pointi 81, na mwezi wa Mei 2016 Leicester wakawa mabingwa. Lengo dogo si kosa. Pointi 40 zilikuwa kwake kituo cha kupumzikia njiani.

Tusifiche pia kilichofuata. Mwezi wa Februari 2017, miezi tisa tu tangu kombe lile, Ranieri alifukuzwa kazi kwa sababu timu ilikuwa inaelekea chini. Basi tuseme kweli: ni nani anayewafundisha makocha woga? Ni wenye timu wasiosamehe, na sisi mashabiki tunaozomea. Mahali ambapo kushindwa hakusamehewi, watu wenye akili huacha kujaribu.

Tera wa Harani

Katika Mwanzo sura ya 11 kuna habari fupi ambayo husomwa haraka haraka. Tera, baba yake Abramu, alitoka Uru wa Wakaldayo pamoja na jamaa yake ili waende nchi ya Kanaani. Wakafika Harani, wakakaa huko. Tera akafia Harani. Hatuambiwi kwamba Harani palikuwa pabaya. Pengine maji yalikuwapo na malisho yalikuwapo. Hatuambiwi kwamba Tera alitenda uovu wowote. Alikuwa amekwisha kuacha mengi na kusafiri safari ndefu. Ila tu hakufika alikokuwa akienda, na ilimpasa mwanawe aitwe upya.

Vivyo hivyo na yule mtumishi wa Mathayo 25 aliyefukia talanta yake. Hakuiba. Hakuinywea pombe. Bwana wake aliporudi alirudishiwa mali yake kamili, haikupungua hata senti. Kwa lugha ya mpira, alikuwa ametoa sare. Naye mwenyewe alieleza sababu: aliogopa. Alimwona bwana wake kuwa mtu mgumu. Angejua kwamba ni bwana mwema, pengine angethubutu. Ndiyo maana twaamini kwamba dawa ya woga huu haianzii katika kelele za kutiana moyo. Yaanza kwa kujua tunamtumikia nani, na kwamba kwake mtumishi aliyejaribu akaanguka huinuliwa.

Kosa letu wenyewe

Yatupasa kukiri jambo. Miaka kadhaa iliyopita sisi wenyewe tulisimamia timu ya vijana wa parishi katika mashindano ya mtaani. Mechi ya mwisho ya kundi, sare ingetuvusha. Tulikuwa na mvulana wa miaka kumi na minne, mwembamba, mwenye miguu ambayo hatujaiona tena hapa. Tulimwamuru asivuke mstari wa katikati. Mpira ukimfikia, aupige nje. Alitii. Tulitoa sare bila bao, tukavuka, na mechi iliyofuata tukafungwa. Wakati wa kukusanya jezi alituuliza, "Sasa mwalimu, mimi leo nilikuja kufanya nini?" Tulimjibu kwamba tumevuka, ashukuru.

Kijana yule yungali anakuja kanisani. Lakini tulipomwomba asome somo la pili, alisema, "Nitakosea." Tulipomwomba aongoze maombi ya vijana, alisema tena hivyo hivyo. Hatuwezi kusema kwamba ni mechi ile moja iliyomfanya hivyo. Lakini twajua kwamba siku ile sisi, watu wazima na Wakristo, tulimfundisha kwamba jambo kubwa duniani ni kutokosea, naye alikuwa mwanafunzi msikivu.

Na parishi yetu je? Katika mkutano wa mwaka uliopita taarifa ilisomwa: sadaka kama mwaka juzi, watoto wa kipaimara idadi ileile, mitaa ileile, hakuna ugomvi, hakuna deni. Tulipiga makofi. Hakuna aliyeuliza habari za kijiji kile ambacho mwinjilisti wetu alitembelea mara moja akaahidi kurudi. Hakuna aliyeuliza juu ya wafugaji waliohamia bondeni, ambao hatujawapelekea hata salamu. Tulikuwa hatujashuka daraja, tukaenda nyumbani kula.

Mji wetu wa Mpanda ulipata reli kwa ajili ya madini ya risasi, na mgodi ulipofungwa, wapo waliodhani kwamba mji nao utafungwa. Haukufungwa. Na wale ndugu wa Katumba tuliowataja, baada ya kunusurika, hawakukaa chini. Walifyeka msitu, wakalima, na katika miaka michache walikuwa wanajilisha na kuuza ziada sokoni. Mwaka 2014 maelfu kwa maelfu yao walitangazwa kuwa raia. Kunusurika kwao kulikuwa mwanzo wa kazi. Wengi wao leo ni majirani zetu, na wengine twaketi nao benchi moja siku ya Jumapili. Hatuhitaji kwenda Uingereza kutafuta mfano.

Basi twawaomba, ndugu, mambo mawili. Kwanza, kila mmoja ajiulize kabla ya kulala: mahali nilipo sasa, je, nimefikishwa na Mungu, au nimekomea mwenyewe kwa kuogopa kuendelea? Kila mtu ajijibu mwenyewe mbele za Mungu, asimjibie jirani. Pili, tuwe watu ambao mbele yao mtu aweza kujaribu na kukosea bila kuaibishwa. Msomaji akikosea neno katika somo, tusigeuke kutazamana. Kijana akipanga jambo nalo lisifaulu, tumshukuru na kumpa jingine.

Sisi tumekwisha kumwendea kijana yule. Tulimwambia kwamba siku ile tulikosea. Alicheka, akasema amekwisha kusahau, ingawa uso wake haukusema hivyo. Tumemwomba awafundishe mpira watoto wa shule ya Jumapili, na tumemwahidi kwamba hatutasimama pembeni ya uwanja kupiga kelele. Hajakubali bado. Amesema atafikiri. Mtuombee, na mumwombee yeye.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi nyote. Amina.